Jina Langu Limeajiriwa

Nilikwenda TRA kuomba hati ya kutodaiwa,
nihuishe leseni ya kibanda changu cha masweta, Pasua.
Kijana wa dirisha la tatu akabofya, akakunja uso,
akanigeuzia kioo
kama anayenifunulia maiti niitambue.

"Aikande Elinami Makyao. Ni wewe?"
Ni mimi.
"Mwajiriwa. Kampuni ya maua, Usa River.
Mapato haya hukuyatolea ritani. Miaka miwili.
Sasa na riba."

Maua!
Ua la mwisho kulishika lilikuwa la plastiki,
msibani kwa mama mkwe, Machame,
na Usa River naijua kwa kupita tu.

Nikamwambia: mwanangu, mimi nafuma.
Tazama kidole hiki kilivyoota sugu ya uzi.
Akasema mfumo hauoni vidole.
Kifuani ameandikwa Godlisten.
Nikasema moyoni, basi na asikie huyo aliyeombwa asikie,
maana huyu ameshaita "Anayefuata."

Tangu siku hiyo natembea na bahasha ya kaki.
Barua ya mwenyekiti wa mtaa
(ya pili; ya kwanza aliniandika Aikunde),
RB ya polisi,
kiapo cha wakili, elfu ishirini na muhuri mwekundu,
kinachoapa kwamba mimi ni mimi.
Nilipokisaini mkono ulitetemeka,
saini ikatoka si yangu.
Wakili alicheka.

Usiku nazihesabu tarakimu za NIDA
kama ninavyohesabu macho ya sindano:
ishirini, na nane za mwanzo ni siku mama aliponizaa
njiani, kabla hawajafika Kibosho hospitali.
Nani alizichukua?
Yule wa stationari aliyetoa kopi tatu nikaondoka na mbili?
Wakala wa laini, "weka tena kidole mama, hakijasoma"?
Au yule bwana mwenye daftari, pale nyuma ya stendi,
aliyeandikisha watu wa kazi mashambani,
nikampa kopi yangu na elfu tano ya fomu,
nikasubiri simu hadi nikasahau kwamba nasubiri?

Kumbe kazi niliipata.
Sikuitwa tu.

Usa River, afisa utumishi alinifungulia faili.
Jina langu. Namba yangu. Picha si yangu:
binti mwembamba, kilemba cha njano,
anaitazama kamera kama mtu anayezuia chafya.
Mkataba wa kudumu. Likizo siku ishirini na nane.
Bima. Michango NSSF, kila mwezi, bila kuruka.
Miaka kumi na tisa nimeviomba vitu hivyo kwa jina hili hili;
jina likaenda peke yake, likavipata.

Aliacha kazi Machi, afisa akasema.
Hakudai mafao.
Mafao yanataka kidole.

Karatasi ya mwisho, penye "sababu ya kuacha,"
mwandiko wa kuinama kidogo:
Nakwenda kujifungua.
Chini yake, Aikande E. Makyao,
saini iliyonyooka, nzuri kuliko yangu.

Nimeitoa kopi, nimeitia bahashani. Ushahidi.
Godlisten amesema pingamizi limepokelewa, nirudi Jumanne.
Nitarudi. Na Jumanne nyingine nitarudi.
Sitalipa shilingi ambayo sikuila,
na yule binti nikimwona, Mungu anisamehe,
sijui nitaanza na neno gani.

Ila jana, baada ya sweta la mwisho la darasa la kwanza,
kulibaki bonge dogo la uzi wa njano.
Mkono ukaanza wenyewe,
macho ishirini tu, kitu kidogo,
kidogo mno kwa mteja yeyote niliye naye.
Maana kuna kadi ya kliniki mahali fulani,
na penye "jina la mama"
huenda nimeandikwa mimi.